Lakiri ya Bluu

Wewe unayesoma hapa, uligeuza shingo. Usijitetee. Ulisikia redioni kwamba mfanyakazi wa kiwanda cha sufuria amebanwa na mashine akafa, ukasema "maskini," kisha ukaongeza sauti mpira ulipoanza. Na sufuria iliyokuwa jikoni kwako saa hiyo ilitoka palepale. Umepita mara ngapi nje ya ukuta ule mweupe, ukaona majani yaliyokatwa sawasawa na bango linalozunguka, ukasema hawa wenzetu wameendelea? Hukuuliza kwa nini kuna watu walioingia pale na mikono miwili wakatoka na mmoja. Basi leo kaa. Habari hii haitaki machozi yako, inataka macho.

Tuanzie mahabusu, maana ndiko walikotaka habari hii iishie.

Inspekta aliingia chumba cha mahojiano na tochi mkononi, ingawa jua lilikuwa limeshapanda. Kituo kizima kilimwita Mama Tochi kwa tabia hiyo, naye hakuona ubaya. Alikuwa akisema mchana ndio wenye vivuli vingi. Mezani kulikuwa na jalada, na ndani ya jalada kulikuwa na maneno mawili yaliyopigiwa mstari: *mtuhumiwa amekiri*. Mkuu wa kituo alitaka jalada lifike kwa mwendesha mashtaka kabla ya jioni. Likifika, mtu aliyekaa upande wa pili wa meza angeshtakiwa kwa kuua.

Mtu huyo alikuwa fundi mitambo wa kiwandani, mwembamba, macho mekundu, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimekatika kwenye fundo la kwanza. Wenzake walimwita Nati. Marehemu walimwita Kipara. Alikuwa mwendeshaji wa presi, ile mashine inayokandamiza bamba la alumini likatoka sufuria, tena alikuwa kaka wa mke wa Nati.

"Wanasema umekiri," alisema Mama Tochi.

"Nimekiri nini, afande?"

"Kwamba ulikata lakiri."

"Hilo ndiyo. Niliikata."

Lakiri yenyewe ilikuwa kidude cha plastiki ya bluu chenye waya, kama kile cha kwenye mita ya umeme. Kampuni mama, huko ng'ambo, ilikifunga kwenye kifuniko cha ubavuni mwa presi mpya ya kijani, na sharti lilikuwa fupi: atakayekikata hana kazi. Nyuma ya kifuniko hicho ndipo ulipo moyo wa mashine. Kampuni ilisema Nati aliufungua moyo huo kwa siri, akaharibu kinga yake, na presi ikamshukia shemeji yake.

"Uliikata lini?"

Nati aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Hilo hakuna aliyeniuliza."

"Nauliza mimi."

"Baadaye. Nilikimbia kutoka stoo niliposikia kelele, nikamkuta ameshabanwa, mkono mpaka kwapani. Presi ile ikishuka ikakwama, haipandi mpaka ufungue ubavuni, uchomoe kabari, urudishe gurudumu nyuma kwa mikono. Ulitaka nipige simu Makao Makuu niombe ruhusa?"

"Nani alikuona?"

"Shifti nzima ilikuwepo."

"Sikuuliza nani alikuwepo. Nani alikuona?"

Nati alicheka kicheko kikavu. "Afande, mtu akisagwa mkono mbele yako, unatazama? Waligeuza shingo. Wengine walikimbilia swichi, wengine walijifunika uso. Nilikuwa peke yangu na shemeji yangu."

Mama Tochi alifungua ukurasa mwingine. "Siku moja kabla mlifokeana. Watu walimsikia akikwambia, ukigusa wewe si shemeji yangu tena. Uguse nini?"

"Muulize dada yake. Yuko nje hapo kwenye benchi. Mimi nikisema, mtasema najitetea."

Dada wa marehemu na mke wa mtuhumiwa walikuwa mtu mmoja, na alikuwa amekaa wima kama msumari. Alipomwona Mama Tochi hakusimama.

"Shikamoo siwezi leo, dada. Unisamehe."

"Haidhuru. Poleni na msiba. Nataka kujua waligombania nini."

"Kabla sijakwambia waligombania nini, nikwambie walichotaka niseme. Asubuhi alikuja mtu wa kampuni, suti nyeusi, sauti ya upole. Jeneza juu yao. Gari la mazishi juu yao. Mimi kazi yangu nikumbuke tu kwamba kaka yangu na mume wangu walikuwa wakigombania kiwanja."

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia kaka yangu hakuwahi kuwa na kiwanja hata cha kuchezea gololi."

Koplo aliyefuatana na Mama Tochi alikohoa kuficha kicheko. Mwanamke akamtazama mpaka akaacha.

"Waligombania kile kidude cha bluu," alisema. "Presi ilikuwa ikishuka yenyewe. Hujaigusa, imeshuka. Kaka alitoa taarifa kwa nyapara, nyapara akapandisha juu, juu wakasema subirini. Mume wangu akasema anakata lakiri atazame ndani kuna nini. Kaka akamjia juu: ukikata unafukuzwa, ukifukuzwa dada yangu atakula nini? Ukigusa, wewe si shemeji yangu tena. Wakaja kumalizia kelele zao nyumbani kwangu, mbele ya watoto. Mume wangu akakubali asiguse. Kaka alikuwa analinda sahani yangu, dada. Ndiyo iliyomuua. Halafu mtu anakuja kuniambia habari za jeneza."

Mama Tochi alifunga jalada. "Koplo, washa gari."

Kiwandani waliambiwa wapande ghorofani kwanza. Ofisi ya meneja mkuu ilikuwa na dirisha refu la kioo linaloangalia chini kwenye mashine, na pazia lake lilikuwa limefungwa. Wafanyakazi walimwita meneja huyo Bwana Laini, kwa sababu hakukohoa bila kupiga laini ya Makao Makuu. Alikuwa mtu wa hapahapa, si mgeni. Tena alianzia kazi kwenye karakana, na kucha zake zilishawahi kuwa nyeusi kama za wenzake. Walioko chini walikumbuka. Yeye ndiye aliyekuwa akijitahidi kusahau.

"Karibu, Inspekta. Kesi hii ni rahisi, sijui kwa nini mmejisumbua." Alimwonyesha karatasi kubwa ukutani. Ilikuwa na mstari mwekundu uliopanda, ukapanda, kisha ukaporomoka kama mlevi kwenye ngazi. "Huu ni utendaji wetu. Sufuria tunazotoa, mashine zinazosimama, mali inayorudishwa. Hapa panapoporomoka ndipo hujuma za yule fundi."

Mama Tochi alisogea akaweka kidole juu kabisa ya mlima. "Hapa kulikuwa na nini?"

"Mwaka mzuri."

"Uzuri wake ulitoka wapi?"

Bwana Laini alirekebisha tai. "Tulikuwa bado na karakana."

Sisi wa mtaani tunaikumbuka karakana hiyo, hata kama yeye hataki. Humo ndimo zilipochongwa kalibu, vile vyuma vinavyolipa bamba umbo la sufuria, kwa mikono ya watu walioishi mitaa hii. Na msidhani mafundi wale walikuwa na ugomvi na kitu cha kigeni. Presi kongwe ya kijivu, waliyoiita Bibi, nayo ilitoka ng'ambo. Lakini Bibi alikuja na michoro yake, na mtu wa kuwaonyesha, na ruhusa ya kumfungua tumbo. Wakamjua. Wakampunguzia kelele, wakamwongezea kasi, mpaka matawi mengine ya kampuni yakaagiza kalibu kutoka hapa. Mtu akikuletea ujuzi na ufunguo wake, huyo ni mwalimu. Akikuletea ujuzi umefungwa kwa waya, huyo ni mwenye nyumba anayekuja kudai kodi.

"Na hapa mstari unapoanza kushuka?"

"Makao Makuu walibadili sera. Teknolojia yote itoke kwao, kampuni mama kwenda kampuni tanzu. Karakana ikafungwa. Ndipo ilipokuja presi ya kijani."

"Mpya?"

"Mpya kabisa. Tuliilipia kama mpya, na ada ya ujuzi juu yake."

"Na Nati wakati huo alikuwa wapi?"

"Tulimhamishia stoo."

"Kwa muda gani?"

"Tangu karakana ilipofungwa."

Mama Tochi alishusha kidole polepole kuufuata mstari mwekundu, kutoka kileleni hadi karibu na chini.

"Basi kiwanda chako kimeporomoka kiasi chote hiki yeye akiwa stoo anahesabu mifagio. Huyu ni mhujumu wa ajabu, meneja. Anahujumu kwa mawazo."

"Inspekta, kampuni tanzu haibuni. Kampuni tanzu inapokea. Watu wetu hawajafika huko."

"Wewe ulifika?"

Simu ya mezani iliwaka taa. Bwana Laini aliitazama kama mtoto anayetazama mlango baba anaporudi.

"Nieleze marehemu alikufaje," alisema Mama Tochi.

"Kwa uchovu, alikanyaga pedali mkono wake wa kulia ukiwa bado ndani. Kinga ya mashine ingemwokoa, ila yule fundi alikuwa ameiharibu."

Mama Tochi akamwita afisa usalama, aliyeitwa Helmeti kwa kuwa aliivaa hata ofisini. Akamhoji peke yake, mlango umefungwa. Helmeti akasema: "Kwa uchovu, alikanyaga pedali mkono wake wa kulia ukiwa bado ndani." Akamwita nyapara wa shifti, mtu mzima mwenye masharubu ya mvi na macho yasiyotulia. Nyapara akasema: "Kwa uchovu, alikanyaga pedali... mkono wake wa kulia... ukiwa bado ndani."

Nje kwenye korido koplo alinong'ona, "Afande, hawa wameimba wimbo mmoja. Mpaka pumzi wanavutia mahali pamoja."

"Wimbo ni mmoja, ndiyo. Sasa nataka kumjua mtunzi."

Wakashuka chini wote, Bwana Laini akiwa nyuma na simu ya mkononi sikioni. Mlango mkubwa wa nyuma ulikuwa wazi, na lori lenye winchi limeshaingia nusu, injini inanguruma.

"Hilo linabeba nini?" aliuliza Mama Tochi.

"Presi. Makao Makuu wanaitaka irudi kwa matengenezo."

"Leo?"

"Meli haisubiri, Inspekta."

Presi ya kijani ilisimama katikati ya ukumbi, ndefu kuliko mtu na nusu, inang'aa. Wafanyakazi walikuwa wamemwita Bibi Harusi, kwa vile alikuja amefunikwa, akapambwa, na wakaambiwa hakuna ruhusa ya kumfunua. Ilikuwa imeoshwa. Hata sakafu chini yake ilinukia sabuni. Kwenye kifuniko cha ubavuni ilining'inia lakiri ya bluu mpya, isiyo na kovu. Shifti ilikuwa imesimama kando ya ukuta, mikono nyuma, kila mtu akitazama viatu vyake.

"Nyapara," alisema Mama Tochi, "nenda ukasimame pale anaposimama mwendeshaji."

Nyapara alipanda jukwaa la mbao lililokuwa mbele ya presi. Lilifika juu ya kifundo cha mguu, limepigiliwa vizuri, mbao zake zimelainishwa na viatu.

"Weka mikono anapoiweka."

Akashika mikono miwili ya chuma, mmoja kulia, mwingine kushoto, mbali na mdomo wa mashine.

"Mashine inashukaje?"

"Unavuta yote miwili kwa pamoja, afande. Ukivuta mmoja haishuki. Nati ndiye aliyetufungia, alipotumwa kuja kupaka grisi. Alisema mikono ikiwa huku, haiwezi kuwa kule."

"Vizuri. Sasa kanyaga pedali."

Nyapara akatazama miguu yake. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Chini yake kulikuwa na mbao tupu. Lori liliendelea kunguruma mlangoni.

"Kanyaga," alirudia Mama Tochi. "Kama alivyokanyaga marehemu. Kwa uchovu."

"Afande... pedali haipo hapa juu."

"Iko wapi?"

"Chini. Chini ya jukwaa. Mashine hii ilitengenezewa watu warefu, sisi hatuifikii meza yake bila jukwaa. Tukaifunika siku za mwanzo kabisa. Nati alisema mguu una haraka kuliko akili, bora tuufiche."

Mama Tochi akamgeukia Bwana Laini na Helmeti. Walikuwa wameduwaa. Hawakujua! Meneja wa kiwanda na afisa usalama wake walikuwa hawajui kwamba pedali ilizikwa zamani, kwa sababu tangu Bibi Harusi aje hawakuwahi kushuka wakasimama hapa. Presi waliyoijua ni ile ya kwenye picha ya Makao Makuu.

"Leteni mtaimbo."

"Inspekta, mashine hii ni mali ya..."

"Mtaimbo."

Wanaume wanne wakaling'oa jukwaa wakaliweka kando. Mama Tochi akapiga magoti, akawasha tochi. Pedali ilikuwa pale, pana kama kiganja cha jitu. Alipitisha kidole, kikatoka na vumbi nene. Buibui alikuwa ameshajenga nyumba kati ya pedali na sakafu, amezaa na kuondoka.

"Koplo, andika. Vumbi halikuvurugwa, na utando ni mzima. Hakuna mguu uliogusa hapa."

Kisha akapuliza vumbi. Chini yake palikuwa na rangi ya kijani, safi, haina mkwaruzo. Lakini chuma chenyewe hakikuwa sawa. Katikati kilikuwa kimebonyea, shimo refu la mviringo, la umbo la soli ya kiatu.

"Njoo, nyapara. Weka kidole hapa. Hiki ni nini?"

"Ni... kimelika, afande."

"Chuma hulika kwa siku moja?"

"Hapana. Hapo mtu amesimama miaka. Tena mtu mzito."

"Na rangi iko juu ya shimo au chini yake?"

Nyapara akakwaruza kwa ukucha. "Juu. Wamepaka shimo likiwa tayari lipo."

Mama Tochi akainuka akipangusa magoti. "Basi tupange mambo yalivyofuatana. Kuna mtu, si wa hapa, alikanyaga pedali hii mpaka chuma kikabonyea. Kisha mtu akapaka rangi. Kisha ikaletwa kwenu, mkaifunika siku za mwanzo, na tangu hapo haijaguswa. Meneja, presi yako mpya ni mtumba."

Kutoka ukutani, mtu mmoja akashindwa kujizuia. "Kumbe Bibi Harusi alikuwa mjane!"

Kicheko kikapita ukumbini, cha kwanza tangu msiba, kikafa haraka, maana Mama Tochi hakucheka.

"Mjane," alirudia taratibu. "Nyapara, wewe ulijua pedali iko chini ya jukwaa. Ulijua tangu mwanzo. Ulilala na kuamka ukijua. Kwa nini ulisema Kipara aliikanyaga?"

Nyapara alitazama ghorofani, kwenye pazia. "Tuliitwa juu, afande. Simu ikawekwa spika. Sauti ya Makao Makuu ikasema tuandike hivyo. Nikasema, lakini bwana, hapa kwetu pedali... Meneja akanikanyaga mguu chini ya meza. Sauti ikasema, andikeni hivyo, ndivyo inavyotokea kwenye presi hii."

"Ilisema presi hii, au presi hizi?"

"Hii. Nilisikia vizuri. Hii."

Mama Tochi akanyoosha mkono mbele ya Bwana Laini. "Nipe simu. Najua wako hewani, umeishika sikioni tangu juu." Akaipokea, akaiweka spika. "Hujambo huko. Mimi ni mpelelezi wa kifo cha mwendeshaji wa presi. Nina swali moja tu. Yule wa kwanza, aliyekanyaga pedali, huko mlikoitoa mashine hii: alikufa, au alibaki na mkono mmoja?"

Simu ilikohoa. Ikasikika karatasi. Kisha ikakatika.

"Nimejibiwa," alisema, akimrudishia Bwana Laini simu yake. "Na nadhani hata huyo wa kwanza hakukanyaga kitu siku alipobanwa; ilishuka yenyewe. Mtaimbo uliinua jukwaa, sasa nani ana koleo?"

Hakuna aliyesogea. Wote walijua koleo ni la nini. Lakiri ya bluu ilining'inia pale ikiwatazama.

Bwana Laini akaja mbio akajiweka kati yake na mashine. "Hapana! Inspekta, hapo hapana. Ukikata hiyo tunapoteza dhamana, tunapoteza mkataba, watafunga kiwanda kizima. Unajua ni familia ngapi? Nawalinda hawa!"

"Hata Kipara alikuwa analinda familia. Alimkataza Nati asikate. Nati akatii, Kipara akafa. Ndugu yangu, wewe ulianzia karakana. Presi ikishuka yenyewe, ugonjwa uko wapi?"

Bwana Laini aliitazama presi. Jibu alilijua. Lilikuwa limelala ndani yake miaka yote hiyo, chini ya tai.

"Sema."

"Klachi," alisema kwa sauti ndogo. "Kabari ya klachi. Ikiisha pembe, haishiki."

"Sogea."

Akasogea. Koleo likatoka kwenye mfuko wa nyapara. Mama Tochi akaibana lakiri, akaitazama shifti yote, kisha akakata. Ilitoa mlio mdogo, kama ukucha unaokatwa. Hicho ndicho kitu kilichokuwa kimewatia hofu watu wazima wenye watoto na misuli.

"Na mimi mtanishtaki? Kesi mbili basi, meneja. Andika jina langu juu ya la Nati."

Boliti zikafunguliwa, kifuniko kikashuka. Akakigeuza upande wa ndani, akamulika.

Nje walikuwa wameosha. Ndani hawakukumbuka. Juu ya rangi ya ndani ya kifuniko ulikuwa umekauka mkono wa damu, mkono wa kulia, kiganja na vidole vimeenea kama mtu aliyesukuma kwa nguvu zake zote. Kidole gumba kilikuwepo. Cha kati, cha pete na cha mwisho vilikuwepo. Cha shahada kiliishia kwenye fundo la kwanza.

Koplo akashusha pumzi. "Nati."

"Nati. Na mkono ule ulikuwa na damu ulipofungua kifuniko. Damu ilikuwa ya nani?"

"Ya shemeji yake."

"Kwa hiyo kilichotangulia ni nini, kufungua au kubanwa?"

"Kubanwa, afande. Alifungua baada ya kubanwa."

"Alifungua kumtoa. Andika." Akaingiza mkono, akachomoa kwa kitambaa kabari waliyokuwa wameirudisha, akaiinua juu wote waione. Kabari mpya ina pembe kali. Hii ilikuwa ya mviringo kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. "Na hiki ndicho kilichomuua. Kimekuja kimeisha, kikafungiwa ndani kwa waya wa bluu, na mkaambiwa msitazame."

Simu ya Mama Tochi ililia. Alikuwa mkuu wa kituo, na sauti yake ilisikika na wote hata bila spika. "Jalada liko wapi? Nimepigiwa na watu wazito. Acha lori lipakie, urudi mara moja."

"Jalada linakuja, mkuu. Limebadili mtuhumiwa."

"Inspekta, hiyo ni amri!"

"Nimeisikia, mkuu. Kielelezo hakipandi lori." Akakata. "Koplo, mnyororo. Funga presi kwenye nguzo."

Dereva wa lori akapiga honi ndefu. Winchi ikaanza kushuka. Mnyororo mmoja na koplo mmoja havikutosha kuzuia chuma kile, na kila mtu aliona hivyo. Mama Tochi alisimama na kifuniko mikononi.

"Siku ile mligeuza shingo," aliwaambia wa ukutani. "Siwalaumu, hata mimi ningegeuza. Ndiyo maana Nati hana shahidi. Leo pigeni foleni. Kila mmoja apite hapa atazame mkono huu, aseme ameona nini, koplo aandike. Asiyetaka, mlango ule pale."

Yule aliyesema habari za mjane akajitoa ukutani, akapita chini ya ndoano ya winchi bila kuitazama, akaja. Akainama. Uso wake ulikunjamana, lakini hakugeuka.

"Umeona?"

"Nimeona. Mkono wa Nati. Damu ya Kipara."

Wa pili akaja. Wa tatu. Nyapara akajipanga na wenzake, akilia bila kujificha. Foleni ikazunguka presi, ikajikunja, mpaka ndoano ya winchi haikuwa na pa kutua isipokuwa juu ya vichwa vya watu, na dereva hakuwa muuaji. Akazima injini.

Bwana Laini alibaki peke yake kando ya ukuta, simu iliyokatika mkononi. Halafu akalegeza tai. Akaenda kusimama mwisho wa foleni.

Wewe sasa. Usifunge kitabu. Umeiona pedali iliyobonyea, umeuona mkono wenye kidole kifupi, na Nati bado yuko mahabusu, na mkuu wa kituo bado ana simu, na lori limezimwa tu, halijaondoka. Foleni ina nafasi nyuma ya yule mwenye tai. Na mahali unapofanyia kazi wewe pana kifuniko ambacho hujawahi kukifungua kwa sababu mtu wa mbali alikifunga kwa waya, na pana mwenzako anayeingiza mkono kila siku. Unakijua kifuniko hicho. Umekiona leo asubuhi ukapita. Inuka. Tafuta koleo. Kata.